Je, Wajua? Mdukuzi Huja na Kazi Mkononi

Haya, wewe mchora nembo, mfasiri, mhariri wa video, wewe unayekula kwa jasho la kibodi: sogea hapa kidogo.

Je, wajua kuwa mmoja wa wezi wa kwanza wa nywila alikuwa mwanafunzi aliyetaka tu kufanya kazi? Mwaka 1962, Allan Scherr wa chuo cha MIT, Marekani, alipewa saa 4 kwa wiki kwenye kompyuta ya pamoja, hazikumtosha. Akaiagiza kompyuta imchapie faili la nywila za watu wote. Ikachapa!

Wajua "123456" ina wapenzi wangapi? Tovuti ya RockYou ilipodukuliwa mwaka 2009 na nywila milioni 32 kumwagwa nje, watu zaidi ya 290,000 walikutwa nayo. Unacheka? Yako ikoje?

Wajua kuwa nywila ya herufi ndogo 8 haimalizi hata sekunde 1? Mwaka 2012, Jeremi Gosney alionyesha mtambo wa kukisia nywila za Windows zilizoibwa, mara bilioni 350 kwa sekunde. Herufi ndogo 12 zilizochanganywa ovyo zingeuchukua siku 3 na ushei. Herufi 16? Zaidi ya miaka 3,900! Piga hesabu mwenyewe kama huniamini.

Na wajua kuwa watu milioni 68 wa Dropbox waliponzwa na nywila moja? Mfanyakazi wa kampuni hiyo aliitumia kazini na kwenye tovuti nyingine pia. Tovuti hiyo ikadukuliwa, na mlango wa kazini ukafunguka.

Hii inayofuata ndiyo inayonitisha kuliko zote. Machi 2023, chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, yenye wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa bila mtu kukisia nywila yoyote. Mfanyakazi mmoja alifungua faili lililojifanya ofa ya udhamini. Kirusi kilichojificha humo kikakomba kumbukumbu ya kivinjari inayosema "huyu ameshaingia", na wadukuzi wakapita bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho. Sasa fikiria: sisi riziki yetu si ndiyo kufungua mafaili ya watu tusiowajua? Mteja mpya, dau nono, "maelezo ya kazi yamo kwenye zipu"... Mkono taratibu hapo!

Je, wajua kuwa mdukuzi mjanja akiingia kwenye baruapepe yako anaweza asiguse nywila kabisa? Anaweka amri moja ndogo ya kumpelekea nakala ya kila barua, halafu anatoka kimya. Wewe badilisha nywila upendavyo, nakala zinaendelea kwenda! Kachungulie mipangilio yako ya kusambaza barua.

Wajua ankara ya uongo iliwahi kuingiza kiasi gani? Zaidi ya dola milioni 120! Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alisajili kampuni yenye jina sawa na la muuzaji halisi wa vifaa, akawatumia Google na Facebook ankara, nao wakalipa. Mwaka 2019 akahukumiwa miaka 5 jela. Kama Google walilipa, mteja wako je?

Wajua nani mwingine anaitamani akaunti yako yenye nyota 5? Mei 2022, serikali ya Marekani ilionya kuwa maelfu ya mafundi wa kompyuta wa Korea Kaskazini wanatafuta kazi za mtandaoni kwa majina ya watu wengine, na kwamba hununua au kukodi akaunti. Yule "mshirika" anayetaka kukodi yako kwa mwezi, unamjua kweli?

Wajua kuwa mwaka 2017 Google walianza kuwataka wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 waingie kwenye akaunti kwa funguo ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, na hadi Julai 2018 hakuna hata mmoja aliyeripotiwa kuibiwa akaunti ya kazi kwa kurasa bandia? Hata mmoja!

Na Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa bosi wa Twitter wakati huo, ilitekwa. Wezi waliihamisha namba yake ya simu kwenye laini yao, basi. Uko Tanzania? Bonyeza *106# sasa hivi uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Haya, zimetokea ngapi?