Fahamu: Karatasi au skrini, mtoto huelewa wapi zaidi?

Tangu Kenya ianze kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka 2016, wazazi wa Busia, na hata majirani zao wa Tororo upande wa Uganda, wana haki ya kuuliza: mtoto anaelewa anachokisoma kwenye kioo?

Mwaka 2018, mtafiti Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi. Pengo ni dogo, ila huongezeka muda wa kusoma unapobana. Kwa hadithi, halikuonekana. Lilijitokeza kwenye maandishi ya maarifa, yaani yale yanayoeleza mambo ya kweli. Maelezo mojawapo ni kwamba kwenye skrini tunazoea kupitisha macho haraka, tukidhani tumeelewa.

Lakini Busia yenyewe ina funzo zito zaidi. Miaka ya 1990, Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake walifuatilia shule za wilaya za Busia na Teso zilizopewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi.

Kati ya karatasi na skrini, naipa karatasi kura yangu, hasa kwa masomo ya maarifa. Ila funzo la Busia ni kwamba kitabu hakimsaidii asiyeelewa lugha yake; kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mpe mtoto aya moja, kisha mwambie akueleze kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiteso, Kisamia au Kijopadhola, alichosoma.