GESI YA KIYOYOZI HAIISHI KAMA PETROLI



Siku hizi magari mengi ya viwanda na mashamba makubwa yana viyoyozi. Hata matrekta ya kupulizia dawa, mengine yana chumba cha vioo chenye kiyoyozi. Kwa dereva wa trekta kama hilo kiyoyozi si anasa. Kikiharibika, joto humlazimisha kufungua kioo, na dawa humfikia puani. Basi inafaa dereva na fundi wakijue chombo hiki.

Kinavyofanya kazi

Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini. Huikandamiza gesi mpaka ikapata joto kali. Gesi hiyo hupita katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ikapoa kwa upepo na kuwa majimaji. Kisha hupenya tundu jembamba la vali, shinikizo likashuka ghafula, ikachemka na kuwa gesi tena ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo inapolichukua joto la chumbani, kisha hurudi kwenye kompresa.

Gesi ni ile ile, inazunguka tu. Haiungui kama petroli. Ukiambiwa kila baada ya miezi michache kwamba gesi "imekwisha", jua kuna mahali inapovuja. Kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha.

Dalili za ubovu

1. Hewa haitoki kwa nguvu. Angalia fyuzi, feni ya ndani na kichujio cha hewa. Hapa kwa kawaida gesi haihusiki.

2. Hewa inatoka lakini si baridi. Tazama kompresa. Katika magari mengi, kiyoyozi kikiwashwa, sahani ya mbele ya kompresa hushika na kuzunguka. Isiposhika, fyuzi imeungua, waya umekatika, au gesi imepungua mno hata swichi ya shinikizo imekata umeme.

3. Baridi ipo gari likienda, hupotea likisimama. Feni ya kondensa haizunguki, au kondensa imezibwa na vumbi na makapi. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

4. Kiungo cha bomba kina mafuta. Huenda ndipo penye tundu, kwa maana oili ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Pakaza povu la sabuni uone kama linatoa mapovu.

5. Maji yanadondoka chini ya gari. Huo si ubovu, ni unyevu wa hewa. Lakini yakimwagika ndani miguuni, mrija wa kuyatoa umeziba.

Kila juma washa kiyoyozi dakika chache, hata wakati wa baridi, ili oili ifike kwenye mipira ya viungo isikauke.

Kazi ya fundi

Fundi wa kweli huziba kwanza, hutoa hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo anapojaza gesi kwa uzito ulioandikwa chini ya boneti. Asichanganye aina za gesi. R-12 ya zamani iliharibu tabaka la ozoni. Mataifa yalipatana Montreal mwaka 1987 kuidhibiti, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha ifikapo 2010. Magari mengi yaliyofuata hutumia R-134a. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe: ikivuja chumbani, cheche moja yatosha kulipua gari.

R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikiruka jichoni yaweza kulipofusha, na ikikutana na moto hutoa moshi wa sumu. Usilegeze bomba lenye gesi, wala usitafute tundu kwa moto. Miwani na glovu ni haki ya fundi, na ni wajibu wa mwajiri kuvitoa.

Ndugu dereva, ukiona dalili mojawapo, iandike katika daftari la gari, weka tarehe, mjulishe msimamizi. Siku ukilaumiwa kwamba umeharibu kompresa, maandishi hayo ndiyo shahidi wako, na mwakilishi wako wa chama atakuwa na la kusimamia.