Kisugu: Anayemlinda mtoto wako ukiwa mpakani, yeye analindwa na nani?

KAMPALA. Basi la usiku linapoondoka Kampala kwenda Busia, ndani yake hukosi akina mama wafanyabiashara waliowaacha watoto kwa shangazi, kwa jirani au kwa msichana wa kazi. Safari ya kufuata mali Nairobi huchukua siku tatu au nne. Mtoto aliyebaki nyumbani akipigwa, akipotea au akitolewa shule ili akauze karanga barabarani, anayebisha hodi kwanza mara nyingi si polisi. Ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au mtu wa kujitolea anayeujua mtaa.

Kisugu iko katika Divisheni ya Makindye, jirani na Kabalagala na Namuwongo. Juu, upande wa Muyenga, ni nyumba za geti. Chini, kuelekea reli, ni vyumba vya kupanga vilivyobanana. Mahali kama hapa panahitaji macho mengi ya kuwaangalia watoto. Macho hayo yapo, ila malipo yake hayalingani.

Kwa mujibu wa sheria za Uganda, makamu mwenyekiti wa serikali ya kijiji, inayojulikana kama LC1, ndiye katibu wa masuala ya watoto. Kazi hiyo haina mshahara. Juu yake yuko afisa wa ustawi wa jamii wa serikali, mwenye ajira ya kudumu na pensheni, lakini eneo lake ni kubwa. Katikati wako wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya kiserikali na watu wa kujitolea, na hao ndio wanaopita mlango kwa mlango.

Mtu wa kujitolea hupewa nauli ya bodaboda na posho. Neno hilo lenyewe huwachanganya wasafiri: kwa Mtanzania posho ni fedha ya kujikimu, kwa Mganda ni ugali. Kwa wengi wa kujitolea maana zote mbili ni sawa, kwa sababu fedha hiyo huishia kwenye unga. Haina likizo, haina akiba ya uzeeni, na siku akiugua haipo.

Aliyeajiriwa na shirika ana nafuu, mradi mkataba uwe wa kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa likizo ya siku 21 kwa mwaka, siku 60 za kazi za uzazi kwa mama na siku 4 kwa baba, zote kwa malipo kamili. Akiba ya NSSF ni asilimia 15 ya mshahara: 5 hukatwa kwa mfanyakazi na 10 hutoka mfukoni mwa mwajiri. Kwa mshahara wa Sh800,000 za Uganda, mwajiri huongeza Sh80,000 kila mwezi, na jumla ya akiba kwa mwaka hufika Sh1,440,000. Mwenye mshahara uleule aliyeandikwa kama mtu wa kujitolea au mshauri wa muda hupoteza fungu hilo la mwajiri, hata kama fedha ya mkononi inaonekana kubwa zaidi. Mfanyabiashara anaijua hesabu hii: mauzo si faida.

Tatizo la pili ni muda. Mikataba mingi hufuata umri wa mradi, na mradi hufuata mfadhili. Mfanyakazi wa kudumu wa mwaka mmoja hadi mitano akiachishwa hustahili notisi ya mwezi mmoja. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake huisha wenyewe, bila notisi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya watoto na ya ukimwi nchini Uganda ilikwama katika muda wa siku chache, na wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Hasara haimwishii mfanyakazi. Kesi ya mtoto huchukua miezi: kumtafutia ndugu, kumrudisha shule, kwenda naye mahakama ya familia na watoto. Mtoto aliyemzoea mtu mmoja hulazimika kuanza kusimulia upya mbele ya mgeni, na wengine hunyamaza. Mama anarudi kutoka mpakani anauliza faili liko kwa nani, anaambiwa yule kijana aliacha kazi.

Majirani nao wana taratibu zao. Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84, na anayeachishwa hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, usiozidi miaka 10. Kenya mama hupata miezi 3 na baba wiki 2. Uganda kima cha chini cha mshahara kimebaki Sh6,000 kwa mwezi tangu 1984. Muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukusainiwa na Rais. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi anayevuka mpaka haki ya hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji. Anayetoka Kisumu kuja kufanya kazi Kisugu asikubali kuambiwa NSSF ni ya Waganda tu.

Mzazi anayeona mtoto anateswa anaweza kupiga simu 116 bila malipo, au kumwona makamu mwenyekiti wa LC1. Mfanyakazi aliyeachishwa bila haki ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi.

Na liko la wafanyabiashara wenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mchango wa NSSF ni wajibu wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja dukani. Anayeuliza shirika linamlipaje mlinzi wa mtoto wake, ajiulize pia anamlipaje yule aliyemwachia ufunguo.