Saa Zetu Moja, Jua Letu Mbali Mbali

Nikikwambia kwamba saa ya ukutani ya Mombasa na saa ya ukutani ya Kazan, mji ulio ndani kabisa ya Urusi, zinakwenda sawasawa dakika kwa dakika, pengine hutanisadiki. Lakini ndivyo. Tangu Oktoba 2014 saa ya Moscow, ambayo ndiyo inayofuatwa Kazan, iko mbele ya ile ya Greenwich kwa saa tatu kama yetu, wala hairudishwi nyuma wakati wa baridi. Kwa hivyo mamangu alipokuwa akinipigia simu kutoka Kibokoni hakuwa na haja ya kuhesabu vidole. Kwake saa moja, kwangu saa moja. Lililotutenga ni jua.

Nilifika Kazan Septemba 2016 kusomea udaktari. Nyumbani niliagwa kwa dua na kwa hofu. Majirani waliposikia Urusi walitikisa vichwa, na bibi mmoja wa mtaani alimwambia mama waziwazi kwamba huko hakuna msikiti wala nyama ya kuchinjwa, na kijana atarudi hajui kibla kilipo. Mama hakumjibu. Alinitilia msala katika sanduku, chini ya masweta, na juu yake akaweka pakiti mbili za tende.

Wale majirani hawakujua, nami sikujua, kwamba Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan, na Watatari wengi ni Waislamu tangu babu wa mababu zao. Mwaka 922 mfalme wa Wabulghari wa mto Volga, ambao Watatari wa leo huwahesabu kuwa wazee wao, alipokea ujumbe wa Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad. Katika ujumbe huo alikuwamo Ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari yake. Nitamrudia huyu bwana, kwani ana kisa kilichonipata hata mimi.

Asubuhi ya kwanza bwenini nilikutana na mzee mwanamke aliyekuwa akilinda mlango. Alinitazama juu hadi chini, akaona kofia yangu ya kiua, akasema, "Assalamu alaikum." Matamshi yake yalikuwa ya kigeni, lakini salamu ni ile ile. Nilisahau Kirusi chote nilichokikariri ndani ya ndege. Baadaye nilijifunza kwamba kwa Kitatari kitabu ni kitap, wakati ni vakit, dunia ni donya, na habari ni khabar. Mzee mwanamume huitwa babai. Basi nikawa na watu wa kuwaamkia.

Mwaka wa kwanza mgeni hasomi udaktari bali lugha. Tukikaa darasani tangu saa mbili asubuhi, Mvietnam, Mmisri, Mkongo na mimi, tukivunja ndimi zetu kwa maneno yenye konsonanti nne bila ya irabu kati. Jioni tulipika katika jiko moja la ghorofa nzima, kila mtu na sufuria yake na harufu yake. Nazi haikuwako. Nilijaribu wali kwa maziwa ya mkebe, na bora nisiseme zaidi. Lakini sokoni Watatari wana echpochmak, andazi la pembe tatu lenye nyama, viazi na vitunguu ndani. Sambusa nono iliyookwa badala ya kukaangwa. Na chai yao huinywa kwa maziwa! Warusi wenzao huinywa kavu. Nilipotiliwa chai ya maziwa mara ya kwanza katika nyumba ya Kitatari, nilinyamaza kwa muda, nao wakadhani imeniunguza.

Jambo moja lilinichekesha. Wao ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, ambaye aliona kula nyama ya farasi ni karaha, nao huila kwa furaha, hata wana soseji yake. Sisi wa Shafii tumehalalishiwa, na ningetaka kumwona mtu wa Mombasa atakayeionja. Mimi niliionja. Nina ushahidi wa watu wawili.

Baridi sitaieleza sana, kila aliyekwenda Ulaya huieleza. Mwezi wa Januari huteremka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi, mara nyingine ishirini na zaidi, na unyevu wa puani huganda. Lakini udhu, hilo nitalieleza. Chuoni utotoni maalimu wetu alitusomesha mlango wa kupaka maji juu ya khuffaini, soksi za ngozi, siku moja na usiku wake kwa mkaazi, siku tatu kwa msafiri. Tulikariri huku jasho likitutiririka, tukijiuliza mlango huu umewekewa nani. Siku moja katika msikiti wa Marjani, karibu na ziwa Kaban, nilimwona mzee anavua viatu vya nje, na ndani amevaa khuffaini hasa, nyeusi, laini, zimefika juu ya kifundo. Akaloweka vidole, akapitisha juu yake, akamaliza. Nilisimama nikamtazama kama mtu aliyeona mnyama wa hadithi. Juma lile lile nilinunua zangu.

Msikiti huo ulijengwa baina ya 1766 na 1770 kwa ruhusa ya malkia Catherine wa Pili, na kwa miaka mingi ya utawala wa Kisovieti ndio pekee mjini uliobaki wazi. Leo ile Kul Sharif yenye mapaa ya buluu ndani ya ngome, iliyofunguliwa 2005, ndiyo inayopigwa picha. Mimi nilipenda huu wa zamani. Ijumaa ya kwanza niliyoswali humo, imamu alipomaliza Fatiha niliitikia "Amin" kwa sauti, kama tuonavyo ni sawa kwetu. Nikajisikia peke yangu. Wahanafi huitikia kimyakimya. Masharubu kadhaa yaligeuka baada ya salamu, lakini mzee aliyekuwa ubavuni kwangu aliniuliza kwa Kirusi chepesi, "Shafii?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wenziwe akawaambia neno, wakatabasamu, kana kwamba nimetoka katika kitabu walichokisoma.

Turudi kwa jua. Kwetu magharibi huwa karibu na saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, mtu anaweza kuizoea kama mlango wa nyumba yake. Kazan mwezi wa Disemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua baada tu ya saa tisa mchana. Adhuhuri huingia saa sita kasorobo, alasiri yetu Shafii saa saba hivi, na magharibi hiyo tena, yote ndani ya masomo. Nilikuwa nikiswali katika chumba cha kutundikia makoti, kwani huko hakuna ruhusa ya kuingia darasani na koti. Mama wa Kitatari aliyeyapokea makoti alinitengea pembe nyuma ya matundiko, na mtu akija kwa haraka alimzuia kwa mkono: ngoja kidogo. Nimeswali rakaa nyingi nikinukia sufi ya watu.

Kiangazi ndicho kilichonipima. Ramadhani ya 2017 ilianza mwishoni mwa Mei ikaishia karibu na tarehe 24 Juni. Katika siku hizo jua la Kazan huchomoza yapata saa tisa za usiku na kutua saa mbili u nusu za jioni. Tulifunga zaidi ya saa kumi na nane. Wala giza halikolei. Upande wa kaskazini hubaki weupe usiku kucha, ukaulizana na nafsi yako kama ule ni wekundu wa jana au alfajiri ya leo. Tulifuata ratiba iliyochapishwa ya misikiti, kwani mbingu zenyewe hazikutoa jibu.

Hapo ndipo alipo Ibn Fadlan. Anasimulia kwamba jioni moja katika nchi ya Wabulghari alikaa hemani akizungumza na fundi cherehani kutoka Baghdad, wakingoja adhana ya isha. Ikaadhiniwa. Kutoka nje, alfajiri imepambazuka! Akamuuliza mwadhini umeadhini nini, akaambiwa alfajiri; na isha je? Huswaliwa pamoja na magharibi. Mwadhini akamwambia kwamba kwa mwezi mzima hakulala usiku kwa kuchelea swala ya asubuhi isimpite. Miaka elfu moja baadaye mambo ni yale yale. Shihabuddin Marjani, aliyekuwa imamu wa msikiti ule ambao sasa unaitwa kwa jina lake, alitoa kitabu kwa Kiarabu mwaka 1870, Nazurat al-haqq, kuthibitisha kwamba isha ni faradhi hata pale wekundu wa jioni usipotoweka. Kitabu kizima! Kwetu ni suala ambalo halijapata kumpitikia mtu.

Sasa mtihani wa Kirusi ulipangwa katikati ya mwezi huo wa Ramadhani. Ulikuwa wa mdomo, na asiyepita hangeingia udaktari, angerudi kwao. Ada ya mwaka ule baba aliipata kwa kuuza jahazi dogo alilorithi, nami nilijua vyema kwamba jahazi jengine halipo. Wenzangu waliniambia nisifunge siku ile: wewe ni msafiri. Lakini mtu aliyekaa mwaka mzima na ana kitanda na sufuria ni msafiri wa aina gani? Nikamwendea yule mzee aliyeniuliza "Shafii?" Akaniambia, "Tia nia usiku na uanze. Ukishindwa kweli, fungua, ulipe baadaye. Lakini usishindwe leo kwa ajili ya kesho."

Usiku ule mama alipiga simu. Kwao walikuwa wamefungua zamani. Akaniuliza kama kawaida, "Mwanangu, ushafuturu?" Nikamwambia bado, zimebaki saa nzima na zaidi. Akaniombea dua akampa simu dadangu mdogo, akaondoka. Dada akanong'ona, "Kaka, usimwambie kama nimekwambia. Mama hufungua kwa tende na maji, akaswali, halafu chakula chake hukifunika kawa. Hakigusi mpaka saa mbili u nusu." Nikauliza tangu lini. "Tangu chungu cha kwanza."

Sikupata la kusema.

Siku ya mtihani koo lilikuwa kavu kama karatasi. Huko mtahiniwa huokota kadi mezani, na swali lililoandikwa ndilo lake. Yangu iliniambia nieleze mji niliozaliwa. Nikaanza na Ngome ya Yesu, nikafika bandarini, sauti ikakatika. Mwalimu, mama wa Kirusi mwenye msalaba shingoni, alinimiminia maji. Nikamwambia siwezi, nimefunga. Akaitazama saa yake, akanitazama mimi. "Mpaka saa ngapi?" Nilipomtajia alisogeza ile gilasi mbali, akaiweka nyuma ya vitabu vyake nisiione. Akasema kwamba na wao wana saumu ya siku nyingi kabla ya Pasaka yao, ingawa maji wanakunywa. Kisha akaniambia niendelee polepole. Nilipata alama nne, na ya juu kabisa ni tano. Katika Kirusi changu cha siku zile, ile nne ilikuwa sadaka kidogo.

Miaka sita ya udaktari iliyofuata nitaipita haraka, kwani maiti na mifupa si mambo ya kusomwa pamoja na chai. Hayakuwa mazuri yote. Wako walionitazama vibaya katika tramu, na wako watoto walionyoosha mkono kugusa nywele zangu huku mama zao wakiona haya. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimekwisha kuanza na Visa na Mastercard zikasimamisha kazi Urusi, kadi yangu ya benki ya nyumbani ikawa kipande cha plastiki. Pesa zilikuja kwa mzunguko, mkono kwa mkono, na kuna mwezi nilikula ngano nyeusi ile waiitayo grechka asubuhi na jioni. Mama wa makoti alikuwa akinitilia echpochmak mfukoni bila kunitazama.

Mwezi wa Ramadhani nao, kama ujuavyo, hurudi nyuma kila mwaka. Ukatoka Juni ukaingia Mei, ukaingia Aprili, saumu ikifupika. Ramadhani yangu ya mwisho huko ilianza tarehe 23 Machi 2023, usiku na mchana karibu sawasawa. Nikatazama ratiba, nikatazama tena. Magharibi ya Kazan siku ile ilikuwa karibu na saa kumi na mbili kamili. Ya Mombasa saa kumi na mbili u nusu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele ya mamangu.

Nilifungua kwa tende na maji, nikaswali. Mwenzangu wa chumbani alikuwa amepika mchuzi wa nyama, akapakua sahani mbili. Yangu nikaifunika kwa sahani nyingine. Akaniuliza kama siko sawa.

"Niko sawa," nikamwambia. "Nangojea mtu."

Nikapiga simu nyumbani. Aliipokea mama mwenyewe, na nyuma yake nilisikia vyombo vikipangwa. Akaniuliza lile swali lake. Nikamjibu bado sijala, nimekunywa maji tu. Akanyamaza kidogo.

"Dada yako yule," akasema, "mdomo wake hauna mlango."

Mara adhana ya Kibokoni ikaanza, nayo ikaja mpaka Kazan kwa simu, nikaifunua sahani.