Mtandao Ukikatika Katikati: Rekodi na Pesa Zilizo Njiani Huenda Wapi?

Wakazi wa Banissa hutegemea simu kwa mambo mawili yasiyoweza kusubiri: afya na pesa. Mhudumu wa afya ya jamii huandika kipimo cha mtoto kwenye simu, naye mfugaji hulipwa bei ya mbuzi wake kwa M-Pesa. Hata hivyo, mtandao unaweza kupotea wakati wowote, hata baada ya kitufe cha kutuma kubonyezwa. Kujua kinachotokea wakati huo kunaweza kumwepusha mkazi na hasara ya kulipa mara mbili, na kumwepusha mtoto na rekodi iliyopotea.

Kimya kina maana zaidi ya moja

Ujumbe ukitumwa na jibu lisirudi, huenda mambo mawili yametokea. Kwanza, ujumbe haukufika kabisa. Pili, ujumbe ulifika, kazi ikafanyika, lakini jibu likapotea njiani. Kwa aliyeshika simu, hali hizi mbili hufanana. Ndiyo maana si sahihi kudhani kuwa kazi imefanyika, wala si sahihi kudhani kuwa haijafanyika.

Mitambo mikubwa hufanyaje?

Tatizo hili haliko Banissa pekee. Mitambo mikubwa duniani huhifadhi kazi zake kwenye seva nyingi kwa pamoja. Seva moja hushika daftari la kuonyesha kila kitu kiko wapi, na nyingine hubeba mizigo yenyewe. Utaratibu mmoja wa aina hiyo, NFS toleo la 4.1, ulichapishwa kama kanuni ya kimataifa Januari 2010.

Katika utaratibu huo, kompyuta inayoandika haitupi nakala yake kwa sababu tu imeituma. Huishika hadi ithibitishiwe kwamba kazi imehifadhiwa salama, si kupokelewa tu. Kila seva hutoa alama ambayo hubadilika ikizimika na kuwaka tena. Kompyuta ikiona alama imebadilika, inajua kwamba kazi ambayo haikuwa imethibitishwa huenda imepotea, na huituma upya. Njia ikiharibika kabisa, huirudishia seva ya daftari ruhusa iliyopewa na kuomba njia nyingine. Seva ya daftari nayo inaweza kufunga njia ya zamani, ili maandishi yaliyochelewa yasije yakafuta mapya.

Kuandika ukurasa uleule mahali palepale mara mbili hakuleti madhara. Ukurasa unabaki vilevile.

Simu ya mhudumu wa afya

Mnamo Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua usambazaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Wahudumu hao huandika taarifa za kaya kwa simu kupitia mfumo wa eCHIS.

Mfumo huo ulitengenezwa kwa kuzingatia maeneo yasiyo na mtandao wa uhakika. Taarifa huhifadhiwa kwanza ndani ya simu yenyewe, kisha hutumwa mtandao unapopatikana. Kila rekodi ina nambari yake ya pekee, hivyo ikitumwa tena baada ya mtandao kukatika, haigeuki kuwa watoto wawili.

Hatari iko kwingine. Programu ikiondolewa au data yake ikifutwa kabla ya taarifa kutumwa, kazi iliyokuwa bado ndani ya simu hupotea. Vilevile, mhudumu akiisajili kaya upya kwa kudhani ya kwanza imepotea, mfumo huipa nambari mpya, na mtoto mmoja huonekana mara mbili. Chanjo yake huandikwa upande mmoja na uzani wake upande mwingine.

Pesa hazifanani na ukurasa

Kukata shilingi 2,000 mara mbili si sawa na kuandika ukurasa mara mbili: zinatoka 4,000. Kila muamala wa M-Pesa una nambari yake. Mteja akianza malipo upya, mtambo unaweza kuyachukua kuwa agizo jipya lenye nambari mpya. Hauwezi kujua kwamba alikusudia kulipa mara moja tu.

Hatua za kufuata

1. Jibu lisiporudi, usirudie malipo papo hapo. Subiri mtandao urejee.

2. Angalia salio na taarifa fupi ya akaunti kwa kubonyeza *334#. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kama pesa zimetoka. Skrini iliyoganda si ushahidi.

3. Ikiwa pesa zimetoka, mwonyeshe mpokeaji nambari ya muamala. Ikiwa hazijatoka, ndipo ulipe.

4. Ikiwa umemtumia mtu pesa mara mbili, peleka ujumbe mzima wa uthibitisho wa malipo ya pili kwa nambari 456 ili kuomba urejeshewe. Fanya hivyo mapema, kabla pesa hazijatumiwa.

5. Muuzaji naye aangalie salio lake kabla ya kuachilia mifugo au bidhaa. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi unaweza kughushiwa.

6. Usimpe yeyote PIN yako, hata akidai anakusaidia kufuatilia pesa zilizokwama.

7. Mhudumu wa afya ahakikishe taarifa zote zimetumwa kabla ya kubadilisha au kutengeneza simu.

8. Mzazi atunze kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na aende nacho kila anapohudhuria kliniki. Simu ikipotea au kuharibika, kijitabu hicho ndicho nakala itakayosaidia kurejesha rekodi ya chanjo.