Mswaki Hauji kwa Bando

Waliokuwepo Ifakara mwishoni mwa miaka ya 1990 wanaikumbuka Zuia Mbu. Hilo lilikuwa jina la chandarua na dawa ya kukitilia, vilivyouzwa na mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia 1997. Watafiti hawakuanza na matangazo. Walianza kwa kuwauliza watu wanalalaje na wako tayari kulipa kiasi gani. Kisha wenye maduka na viongozi wa vijiji wakapewa mzigo wauze, na wajawazito wakapata hati punguzo kliniki. Matokeo yalichapishwa 2001: watoto wadogo waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi kwa asilimia 27. Mwaka 2004 hati punguzo ikawa mpango wa taifa.

Huukumbuka mradi huo kila ninaposikia kwamba vijana wa Bonde la Kilombero wafundishwe kutunza meno kupitia TikTok na WhatsApp. Si wazo baya. Kinachonitia shaka ni ile sentensi ya kwanza ya andiko la mpango huo: "vijana wanatumia simu." Simu ya nani? Shule nyingi za sekondari hazimruhusu mwanafunzi kuwa nayo. Nyumbani simu ni ya mama, bando ni la siku moja, na kaka mtu anaangalia mpira. Msimu wa mpunga familia nyingine huhamia shambani, kwenye dungu, ambako hata pa kuchajia ni mbali. Kampeni ya afya ya wajawazito, Wazazi Nipendeni, 2012, iliona mbali kidogo: ujumbe mfupi wa bure, unaosomeka hata kwenye kitochi.

Haya, tuseme video imefika. Inasema piga mswaki mara mbili kwa siku, tumia dawa yenye floridi, punguza vitamu, muone daktari mapema. Vitamu, katika bonde la miwa, lenye kiwanda cha sukari pale Kidatu! Na soda inatangazwa kwenye kioo kilekile, kwa ufundi zaidi. Daktari wa meno naye, kwa watu wengi, ni mtu wa kung'oa: unamwendea jino likishakunyima usingizi. Sekunde 30 za video haziondoi woga huo.

Bajeti ingekuwa yangu, ningeanza na miswaki na dawa yake kwenye maduka ya vijijini kwa bei ya kununulika, na mtaalamu wa kupita shuleni kukagua vinywa bila koleo mkononi. Video wangetengeneza wanafunzi wenyewe wakati wa likizo, kwa simu ya mama.