Papasi wa Njia ya Misafara na Homa ya Nguruwe

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alipumzika Tabora kwa majuma kadhaa, pengine kwa miezi. Hapo njia iligawanyika: moja ilielekea Ziwa Tanganyika, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilala ndani ya tembe na vibanda vilivyokwisha kulaliwa na mamia ya watu kabla yao. Usiku papasi walitoka katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu, wakafyonza damu, wakarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Baada ya juma moja hivi mgeni alishikwa na homa kali, akapata nafuu, kisha homa ikamrudia.

Mwaka 1905 madaktari Dutton na Todd walithibitisha huko Kongo kwamba papasi ndiye aambukizaye homa hiyo. Dutton mwenyewe alifariki dunia katika utafiti huo. Mwaka huo huo Robert Koch alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akiwachunguza kwa hadubini papasi wa vituo vya misafara. Aliviona vijidudu vya homa, vilivyojipinda kama parafujo, hata ndani ya mayai ya papasi. Papasi jike, basi, huwarithisha watoto wake maradhi, na kambi huweza kubaki na homa hata isipokuwa na mgonjwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilififia, lakini papasi hakuihitaji tena.

Kisa hiki kinawahusu nguruwe pia. Katika miombo ya Tabora, hasa bonde la mto Ugalla, wanaishi ngiri. Ngiri hulala ndani ya shimo, mara nyingi lililochimbwa na muhanga. Shimo hilo ni kavu, lina kivuli na vumbi, na mwenyeji hurudi kila jioni. Kwa papasi, hakuna tofauti kubwa kati ya makao hayo na tembe la msafara. Jamaa wa papasi wa binadamu huishi humo, naye hubeba maradhi mengine kabisa: virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery, nchini Kenya, mwaka 1921. Nguruwe wa kufugwa hupata homa kali, masikio na tumbo huwa mekundu, damu huvuja ndani ya mwili, na mara nyingi zizi zima hufa kwa siku chache. Binadamu haambukizwi, lakini nguruwe huyo ndiye aliyekuwa ada ya shule ya mtoto. Ngiri hadhuriki. Mwaka 1969 Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamevipata virusi hivyo ndani ya papasi wa mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Mtoto wa ngiri huumwa na papasi shimoni, virusi hukaa katika damu yake kwa siku chache, papasi wengine huvichukua, na mnyama hukua akiwa mzima.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa ugonjwa hauwezi kuwa wa namna moja kwa wanyama wote. Nguruwe wa kufugwa hufa upesi, mara nyingi kabla mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Mtaalamu akitafuta kingamwili peke yake zizini atadanganyika. Hana budi kuchukua damu na bandama, kuziweka katika baridi, na kuvitafuta virusi vyenyewe maabarani. Kwa ngiri mambo hugeuka. Kingamwili zake hueleza kwamba alikutana na virusi zamani, wala hazisemi vingali wapi leo. Jibu la swali hilo limo shimoni. Udongo huchotwa kwa koleo lenye mpini mrefu na kutandazwa juani juu ya plastiki nyeusi. Papasi, waliokuwa hawatofautiki na changarawe, hupata joto na kuanza kutembea.

Nguruwe mwitu wa Ulaya hana bahati ya ngiri: naye hufa. Virusi vilipoingia Georgia mwaka 2007, vikiwa vya nasaba ya kusini-mashariki mwa Afrika, vilienea hadi misituni, na huko wachunguzi hutafuta mizoga. Mwaka 2018 vilifika China. Hakuna papasi aliyevuka bahari kwa miguu yake; inadhaniwa kwamba vilisafiri ndani ya masalio ya nyama melini. Mlipuko wa Kyela, uliochunguzwa mwaka 2010, ulikuwa wa nasaba hiyo hiyo.

Hapo ndipo uchunguzi huwa dhaifu zaidi. Mfugaji akisikia nguruwe wa jirani wamekufa, huwauza wake haraka, kabla afisa mifugo hajafika. Si haki kumlaumu peke yake: hana fidia anayoitarajia. Lakini nyama ile hupakiwa garini, na ugonjwa huvuka katika siku moja umbali ambao msafara uliutembea kwa majuma.

Papasi wa nyumbani naye hajamaliza kazi yake. Huko Mvumi, katika Ugogo, ambako njia ya misafara ilipita, watafiti walitangaza mwaka 2007 kwamba wamevipata vijidudu vya homa ya papasi ndani ya kuku na nguruwe, karibu mmoja katika kila kumi waliopimwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba binadamu peke yake ndiye hifadhi yake. Tena, katika wilaya ya Mchinji, Malawi, papasi wenye virusi vya homa ya nguruwe waliwahi kupatikana katika mabanda ya nguruwe, mbali na shimo lolote la ngiri. Mabanda hayo yalijengwa kama yanavyojengwa mengi ya Unyamwezi: kwa miti na udongo, yenye sakafu ya vumbi.